Arobaini wa Ntoto

Jumatatu, 16 Juni

Dada Sidonie wa shirika, yule anayezunguka kwenye kambi ya wakimbizi hapa Lushebere kusikiliza shida za watu, ameniambia niandike kila siku ninachokisikia moyoni. Nikamwambia moyoni sisikii kitu. Akasema basi andika hivyo hivyo, Mwalimu, hata mstari mmoja. Nimekubali kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, na kwa sababu shule iko likizo, sina daftari la mtu la kusahihisha.

Sisikii kitu. Nimeng'oa maharage hadi jua likazama.

Jumatano, 18 Juni

Maharage. Upepo.

Ijumaa, 20 Juni

Sidonie amesoma. Amecheka, akasema nijieleze kidogo, nisiandike kama mtu anayetuma simu ya maandishi.

Haya. Mimi ni Emérita, mwalimu wa darasa la sita, naimba sauti ya pili katika kwaya ya Lushebere. Mume wangu Valens alianguka njiani mwezi wa Januari tulipokimbia risasi, akiwa amebeba godoro kichwani. Hakuamka. Tulimzika pembeni ya kambi. Mtoto wetu ni mmoja, Umugwaneza. Aliolewa Ntoto, upande wa Walikale, kwa watu wa msitu, na hakuweza kuja kumzika baba yake. Kutoka hapa mpaka kule ni siku mbili za mguu. Katikati kuna watu wenye bunduki wa aina mbili, na kila aina ina barieri yake, kizuizi cha kufunga njia.

Ana mtoto, Samy, aliyezaliwa Oktoba. Sijamwona. Namjua kwa sauti: mama yake humsogezea simu mdomoni, naye hupumua.

Tangu Januari moyo wangu ni mguu uliokaliwa vibaya. Ni wangu, lakini umekufa ganzi. Sidonie, umeridhika?

Jumanne, 24 Juni

Papa Hilaire amekuja nyumbani na shati lake la sherehe, kumbe ana habari. Yeye ni mkuu wa kwaya zote za huku, mtu wa kicheko. Hata msibani watu humngoja afike ndipo wapumue. Kwenye maziko ya Valens ni yeye aliyebeba msalaba. Nampenda kwa hilo.

“Mwalimu,” akasema kabla hajakaa, “festival ya chorale zote itafanyika! Tarehe kumi na tano ya mwezi wa munane, pale Masisi. Bapadri na bapasteri balisha kuzungumuza na bale ba bunduki, upande huu na upande ule. Muntu mwenye kuvaa uniforme ya chorale, barieri itamufungulia.”

“Barieri zote?”

“Zote! Hata ya Ntoto batakuya. Mutoto wako haimbake?”

Anaimba. Sauti ya kwanza.

Nilipika viazi, tukala. Alipoondoka nikakaa nikingoja furaha. Ilikuja kidogo, mahali fulani chini ya mbavu, halafu ikapotea. Lakini ilikuja, na naiandika ili Sidonie aione.

Alhamisi, 26 Juni

Nimempigia Umugwaneza. Anasema wanafanya mazoezi kila jioni. Amesema, “Mama, nitakukumbatia mpaka uchoke.” Sisi wa hapa hatusalimiani kwa mkono tu. Tunashikana mabega, kisha shavu, kisha tunabaki hapo tukiulizana habari za kila mtu, hadi za ng'ombe. Sijashikwa hivyo na mtu wangu tangu Januari.

Jumanne, 1 Julai

Mkuu wa kituo cha afya, Papa Nzabandora, alisimama kanisani baada ya misa bila kuitwa. Amesema kuna mpox upande wa Ntoto. Homa, tezi, halafu vipele vyenye maji mwili mzima. Unapita kwa ngozi na ngozi, na watoto wachanga ndio huumia zaidi. Akatuonyesha jinsi ya kusalimiana kwa kiwiko. Wanakwaya wakacheka. Yeye hakucheka, sijawahi kumwona akicheka. Ni mtu mkavu, huongea utafikiri kila neno linatoka kwenye akiba yake.

Kisha akasema, “Na festival, tutaona.”

Nilimchukia papo hapo. Nilishangaa kwamba bado naweza.

Jumapili, 6 Julai

Vumbi. Milima haionekani.

Jumamosi, 12 Julai

Mkutano, darasani kwangu. Viongozi wa kwaya, wazee wa parokia, na Papa Nzabandora na kofia yake magotini.

Papa Hilaire alianza. “Kolera ilikuya, tukaimba. Vita ilikuya, tukaimba. Leo vipele njo itatufunga kinywa?”

Makofi. Mimi pia nilipiga makofi.

“Papa président,” akasema Nzabandora, “miye sikatale batu kuimba. Niko nasema: batu mingi fasi moja, kukumbatiana, kulala ku mukeka moja, njo kintu ugonjwa inapenda. Ao tunavunja festival yote, ao tunapunguza batu.”

“Tupunguze,” wakasema wote.

“Basi munipe wiki moja niulizie hali ya kila kijiji. Nitawatumia message: chorale hii batu ngapi, chorale ile batu ngapi.”

“Na Ntoto?” nikauliza. Nilisikia sauti yangu ni ndogo.

Akaniangalia. “Ya Ntoto njo inanisumbua, Mwalimu.”

Usiwe na wasiwasi, Papa Hilaire aliniambia mlangoni, penye nia pana njia. Alinishika bega. Yule mwingine alipita bila kugusa mtu.

Jumanne, 15 Julai

Nimepiga maharage kwa fimbo. Mikono inauma, jambo zuri.

Jumapili, 20 Julai

Meseji imefika. Papa Hilaire aliisoma mbele ya kanisa, simu ikiwa mbali na macho yake kwa sababu miwani ilibaki Goma.

“Nyabiondo: vingtaine. Masisi: trentaine. Lushebere: trentaine. Ntoto: quarantaine. Merci. Nzabandora.”

Kelele zikaanza. Ishirini, thelathini, thelathini, arobaini! Mama mmoja wa sauti ya tatu, ambaye sasa lazima aachwe nje ya thelathini yetu, alishika kiuno. “Juu ya nini? Shiye wenye kukaa hapa trentaine, na bale ba Walikale arobaini? Banapendelewa! Kila siku banapendelewa!”

“Batatembea siku mbili, mama,” akasema Papa Hilaire. “Wacha bakuye mingi.” Lakini alikunja uso kidogo, akanigeukia. “Mwalimu, weye njo uko na français. Quarantaine haiko arobaini?”

Niandike polepole.

Nimefundisha darasa la sita miaka mingi. Kwenye somo la afya kuna hilo neno, na kila mwaka nalieleza kwa maana zake mbili: idadi ya watu kama arobaini, na kumtenga mtu asitoke, asiingie, kwa ajili ya ugonjwa. Maana ya pili ilinijia kabla Papa Hilaire hajafunga mdomo. Na akili yenyewe ilikataa: mahali penye ugonjwa ndipo pangepewa watu wengi kuliko wote? Nzabandora aliandika idadi mara tatu na amri mara moja, kwa mpangilio uleule, na hakuna aliyeona mahali alipogeuka. Isipokuwa mimi.

Watu walikuwa wakiningoja. Mama wa sauti ya tatu pia.

Nikasema, “Quarantaine ni arobaini hivi.”

Si uongo. Mwanafunzi akinijibu hivyo nampa nusu ya alama.

Papa Hilaire akapiga simu Ntoto papo hapo, kwa sauti ya kusikika na nchi nzima. Nikarudi nyumbani nikingoja aibu inipande. Haikupanda. Nikamenya viazi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia Umugwaneza.

“Mama, munganga wa kituo cha afya cha hapa alisha kutuambia tubakie. Alisema hakuna kutoka.”

“Sasa wamesema arobaini.”

“Arobaini?”

“Quarantaine. Imeandikwa.”

Nilisikia kuku wa kwao.

“Ni weye unasema, Mama?”

“Ni mimi.”

“Basi,” akasema.

Jumatatu, 28 Julai

Chemchemi ya juu imekauka. Tunachota ya chini, pamoja na ng'ombe.

Jumapili, 3 Agosti

Nilikuwa nimeshona kofia ya Samy, ya sufu, kwa baridi ya hapa kwetu. Umugwaneza amepiga simu, na maneno yake yalikuwa haya: watu wa barieri wamepewa hesabu na Papa Hilaire, watahesabu vichwa. Arobaini ni vichwa arobaini, na mtoto mgongoni ni kichwa. Papa Albert, kiongozi wa kwaya ya Ntoto, amekata neno: wenye watoto wawaache au wabaki nao.

“Na Fiston anasema nini?” Fiston ni mume wake. Haimbi. Ni mtu wa mitego na shamba la mihogo.

“Anakatala. Anasema ugonjwa iko inatembea, juu ya nini na shiye tutembee. Lakini mama yake anakubali kubakia na Samy. Anasha kula uji.”

Ilikuwa rahisi kusema: basi baki, mwanangu. Neno lenyewe lilifika mpaka menoni. Nikaona kaburi la Valens ambalo yeye hajaliona, nikaona jinsi nitakavyorudi kwenye maharage. Nikasema, “Samy utamuleta mwaka kesho, kiangazi.”

“Sawa, Mama.”

Kofia nimeiweka.

Ijumaa, 8 Agosti

Mfanyabiashara aliyetoka Hombo anasema kule watu wananunua samaki bila kugusana, pesa wanaitupa kwenye ndoo ya maji. Watu walimcheka. Mazoezi ni kila jioni. Thelathini wanaimba ndani, walioachwa wanaimba nje dirishani, kwa ubishi.

Jumanne, 12 Agosti

Watu wa Ntoto walishuka kilimani saa tisa, wakiimba. Sare za bluu, na vumbi juu ya bluu mpaka kiunoni. Kijiji kizima kilikimbia. Papa Hilaire alikuwa mbele, mikono wazi; alimkumbatia Papa Albert mpaka ngoma ya yule mzee ikaanguka.

Nilimwona. Alikuwa safu ya tatu, amekonda, amefunga kitambaa cha kilio kichwani kwa ajili ya baba yake. Naye aliniona. Aliacha kuimba. Nilikuwa naenda, hata sikumbuki kuwa na miguu, na kati yetu kulibaki nafasi ya mtu mmoja kulala, ndipo pikipiki ikaingia katikati na Papa Nzabandora akaruka chini kabla haijasimama.

“Musigusane! Mama Emérita, simama! Simameni bote!”

Nyimbo zikakatika moja moja.

“Nani aliita hawa batu?” Alitugeukia mmoja mmoja. “Nani?”

“Si weye?” akasema Papa Hilaire. Alitoa simu. “Message iko hapa. Ntoto, arobaini.”

“Arobaini gani?” Alisoma. Nilimwangalia akisoma maneno yake mwenyewe. “Quarantaine! Nilisema bafungiwe! Babakie kwao!”

Hakuna aliyecheka, ingawa mwaka mwingine tungecheka mpaka Krismasi. Papa Hilaire alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. “Miye sina français,” akasema. “Mwalimu njo alitafsiri.”

Macho yote yakaja kwangu, ya Umugwaneza pia. Papa Nzabandora aliniangalia muda mrefu. Nadhani aliona. Mtu huyu husoma uso jinsi anavyosoma kipima joto. Kisha akavua kofia.

“Haiko kosa ya Mwalimu. Ni yangu. Nilikuwa natunza unité, pesa ya simu, nikaandika neno moja fasi ya sentensi. Ni kosa yangu.”

Nami nikamwachia alibebe.

Kuwarudisha haikuwezekana: barieri zimeruhusu njia ya kuja, na Papa Albert tayari ana homa. Wamewekwa shuleni, kwenye madarasa mawili, moja ni langu. Kamba imefungwa kutoka mti mpaka mti. Wiki tatu. Umugwaneza alipita karibu nami akiingia. Alisema, “Umezeeka, Mama,” kwa upole, akaendelea.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya siku mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Festivali imevunjwa. Tangazo limesomwa kwa kipaza sauti. Yule mama wa sauti ya tatu anasema watu wa Walikale wametuharibia sikukuu kwa tamaa ya kuja wengi. Papa Nzabandora amemtafuta Papa Hilaire amtenge naye, kwa kuwa alimkumbatia mgonjwa. Hayupo. Amepanda pikipiki usiku, hakuna anayejua amelala wapi. Yule aliyebeba msalaba wa Valens.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo ndiyo siku yenyewe. Padri alisoma misa, watu wachache, kila mtu kwenye benchi lake. Hakuna aliyeimba.

Alasiri vijana walikwenda kwenye kamba, wakawaomba arobaini waimbe moja tu, wao wawarekodi kwa simu. Mwanamke mmoja wa Ntoto akajibu, “Tumechoka,” akageuka ukutani.

Mimi hupeleka chakula. Naweka sufuria chini, narudi nyuma, ndipo Umugwaneza anakuja kuichukua. Leo blauzi yake ilikuwa imelowa mbele, pande zote mbili. Aliona naangalia.

“Ninakamua,” akasema. “Kule nyuma ya darasa. Ninamwaga maziwa chini.”

“Isikauke,” nikasema. Ndiyo nasaha niliyokuwa nayo.

“Samy alilala bila kulia jana. Fiston amesema.”

Jumanne, 19 Agosti

Vipele vimemtoka Papa Albert, usoni na viganjani. Wengine bado wazima. Papa Nzabandora amemhamishia kwenye hema peke yake na anamwosha mwenyewe, kwa sababu msaidizi wake aliogopa akaacha kazi. Mchana nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, analala na macho wazi. Nikampa chai. Alisema asante mara mbili. Karibu miezi miwili nimekuwa nikimwita adui kichwani mwangu.

Nilitaka kumwambia. Nikamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Ijumaa, 22 Agosti

Fiston amepiga. Samy ana homa tangu juzi, na leo vipele. Ni vile vile. Kuna watoto wengine pale, nyumba ya jirani ndiyo ilianza.

Umugwaneza alikuja kwenye kamba na viatu vyake mkononi. Hakupiga kelele. “Papa munganga, miye ninaenda.”

Papa Nzabandora alikaa chini kwenye vumbi, upande wetu wa kamba, ili wasiongee mmoja juu mwingine chini. “Mwanangu, ukitoka leo, barieri ya kwanza watakurudisha ao watakupiga risasi. Siku za ruhusa zimeisha. Na kama uko nayo ndani ya mwili, utaiacha kila fasi utalala.”

“Yeye njo iko nayo. Yeye iko nayo tayari. Nitamupa nini zaidi?”

Papa Nzabandora akatoa simu. Alimpigia muuguzi wa Ntoto, akaweka simu kwenye sauti ya juu, akamwacha Umugwaneza aulize yote. Anameza? Anameza kidogo. Macho? Yameanza kuvimba. Bibi yake amemshika usiku na mchana, hata chini hamuweki.

Nilisimama pale. Nilijiambia, sasa utasikia, Emérita, sasa itakuja. Nilisikia jua shingoni.

Jumapili, 24 Agosti

Anameza kidogo.

Jumatatu, 25 Agosti

Anameza kidogo. Upepo umegeuka, unatoka msituni.

Jumatano, 27 Agosti

Samy amefariki asubuhi.

Alhamisi, 28 Agosti

Kwetu aliyefiwa haachwi peke yake. Watu wanakuja, wanakaa chini naye, hawasemi, wanaleta kuni. Hata maadui hukaa. Jana nilichukua mkeka wangu nikaenda shuleni, nikautandika kwenye kamba. Papa Nzabandora alinionyesha kwa mkono nirudi nyuma kidogo, nikarudi.

Upande wa ndani wanawake wa Ntoto walikuwa wamemzunguka. Wanalia kwa namna yao, kwa sauti ya chini isiyokatika, mmoja akichoka mwingine anapokea. Walimvua viatu. Walimkalisha miguu ikiwa imenyooka. Ni mimi niliyepaswa kumkalisha vile. Nilimwona kupitia migongo yao, kipande kipande: bega, sikio, kitambaa cha kilio alichokuja nacho kwa baba yake, kitambaa kilekile.

Hakuna mtu wa Lushebere aliyekuja kukaa nami. Waliogopa kamba. Halafu jioni mtu akaweka kuni nyuma yangu, fungu zima, akaketi pembeni ya mkeka bila kuukanyaga. Ni Papa Nzabandora. Alikuwa hajala.

“Ile message,” akasema baadaye. “Ningeongeza neno moja. Moja tu.”

Hapo ningesema. Kulikuwa na giza la kutosha, na yeye alikuwa ananisaidia kulia wakati mimi silii. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, “Rudi ukale, Papa.”

Naandika haya na mkono hautetemeki. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 30 Agosti

Mvua ya kwanza. Watu wamefurahi. Papa Albert anapona, ametoka nje akasimama mvuani na makovu yake.

Jumanne, 2 Septemba

Wamefunguliwa leo. Hakuna mwingine aliyeugua. Papa Nzabandora alikata kamba kwa kisu cha mkate, akawashika mkono mmoja mmoja, wote arobaini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemwona akigusa mtu kwa hiari. Barieri zimekubali wapite kesho asubuhi.

Nilidhani Umugwaneza atalala na wenzake. Alikuja nyumbani. Kwanza alikwenda kwa baba yake, peke yake, akarudi na tope magotini. Akaketi jikoni kwenye kigoda changu, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi, kama vile hajawahi kuondoka.

Nikabaki nimesimama. Nikasema, “Nina neno.”

“Sema, Mama.”

“Ile siku Papa Hilaire aliniuliza quarantaine ni nini. Nilijua. Nilijua si hesabu. Nikanyamaza, juu nilitaka kukuona.” Nilizungumza haraka, mtoto anayetapika. “Munganga alibeba kosa, lakini si lake. Ni langu. Samy ni langu.”

Kisu hakikusimama. Alimaliza kiazi, akakiweka majini, akachukua kingine.

“Mama,” akasema, “nani alinifundishaka darasa la sita?”

Sikuelewa.

“Ni weye ulinifundishaka. Ulituandikisha maana mbili, ya kwanza na ya pili. Miye nilikuwa wa kwanza ku dictée ya français.” Alitazama maji. “Uliponiambia quarantaine, nilijua. Na miye nilijua. Fiston alikatala, akasema haiwezekane, mahali pa ugonjwa batoe batu arobaini. Nikamwambia: mama yangu ni mwalimu, anajua français, amesema ni arobaini. Akanyamaza. Anakuheshimu sana.”

Mvua ilianza tena juu ya mabati. Nilitaka kumuuliza kwa nini, halafu nikaona sina haki ya kuuliza, na jibu ninalo.

“Nilitaka kukuona,” akasema. “Nilisema ni siku chache tu. Anasha kula uji.”

Akaweka kisu. Nilimwinua kwa mabega, kwa sababu sasa inaruhusiwa. Tulishikana jinsi tunavyoshikana: mabega, shavu, na kubaki. Tulibaki. Hatukuulizana habari za mtu yeyote. Alikuwa mwepesi sana, na kifua chake kilikuwa bapa, kikavu, maziwa yameisha. Hapo ndipo nilisikia, Sidonie. Nilisikia yote kwa mara moja, na Valens ndani yake, mpaka nikapiga magoti kwenye maganda ya viazi na yeye akaja chini pamoja nami.

Hatukula. Nimemwandikia Papa Nzabandora meseji, kwa Kiswahili, maneno mengi, sikutunza unité. Kesho asubuhi nitavaa sare ya kwaya, nitakwenda Ntoto na Umugwaneza. Amesema Fiston atakuwa anatungoja mtoni. Nimemwomba yeye atangulie kimya, mimi ndiye nimwambie Fiston kosa langu.